Uso Usio na Mstari

Mume wangu hulamba mawe. Nalisema mapema, mtu asije akalisikia kwa majirani akadhani ni wazimu. Sakafu za makanisa ya kale huku zimepangwa picha kwa vijiwe vidogo vya rangi, na kijiwe kikiwa kikavu huwa kijivu tu. Kikilowa ndipo unapojua kama ni chekundu, cha waridi au cha rangi ya asali. Fundi aliyepiga magoti tangu asubuhi hana hamu ya kuinuka kufuata ndoo, basi hukitia ulimini, akakitazama, akakipanga. Ghattas amefanya hivyo zaidi ya miaka arobaini. Kama dhambi hufutwa kwa kulamba sakafu za makanisa, yeye ataingia peponi mbele ya maaskofu.

Kwetu huku, kuanzia Madaba hadi miteremko ya mlima Nebo inayotazama Bahari ya Chumvi, ukichimba choo unapata kanisa. Watu huanza msingi wa jiko wakakuta tausi, mizabibu na jina la mtu aliyetoa sadaka zamani sana. Kisha huja mlangoni petu na kuita, "Baba Nasri, njoo utazame, tumemkuta samaki!" Naye huchukua mwiko, patasi na mswaki wangu wa zamani, akaenda.

Nasri hayupo. Mwanamume wa kwetu akioa hupewa jina la mtoto atakayezaliwa, kwa heshima na kwa matumaini. Sisi tulipewa Nasri wiki ya harusi, na jina likabaki peke yake. Mimi ndimi Mama Nasri, ingawa jina langu ni Tamam. Nimezoea kuitikia.

Kinachomfanya Ghattas ajulikane si ulimi wala magoti. Ni mstari. Akijaza mahali palipobomoka, huzungusha safu moja ya vijiwe vyeusi, nyembamba kama uzi, ili ajaye ajue kwamba ndani ya mstari ni mkono wa Ghattas na nje ni mkono wa wale wa kale. Tajiri mmoja aliyejenga hoteli juu ya sakafu alimwambia, "Baba Nasri, toa huo mstari, unaniharibia picha." Akamjibu, "Tafuta fundi mwingine. Mimi sisemi uongo kwa mawe." Neno hilo lilizunguka Madaba yote. Vijana aliowafundisha walilishika kama amri ya kumi na moja, na kila liliposemwa mbele yangu nilipata kazi ya haraka jikoni.

Maana palikuwa na mahali pamoja, pamoja tu, ambapo Ghattas alijaza na hakuweka mstari. Na mahali hapo ni uso wangu.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa. Kijiji chetu, Ain Tine, kilikuwa kimechimba msingi wa ukumbi kando ya kanisa la Nabii Musa, na chini yake, mahali kondoo wa babu zetu walipolala miaka yote, ikatokea sakafu ya kanisa la kale. Wavunaji wa zabibu, wawindaji, mpiga filimbi, mchungaji wa mbuzi, na mwanamke mmoja aliyesimama kisimani na mtungi, kondoo wakimzunguka. Watu kumi na mmoja, na hata mmoja hakuwa na uso. Pale penye uso palikuwa na vijiwe vilivyochanganyika ovyo, kama dengu zilizomwagika.

Padri Saliba, Mungu amrehemu, alisema yule mwanamke ni Sipora, mke wa Musa, kwa kuwa yuko kisimani na kanisa ni la Musa. Padri akishasema, nani atabisha? Akamwita Ghattas, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa anajifunza kazi kwa kuwatazama mafundi wa kigeni. "Mwanangu, sikukuu ni mwezi ujao. Hawa wengine waache, lakini mke wa nabii asimame mbele ya watu bila uso? Ni aibu. Mponye."

Ghattas alimponya. Aling'oa vile vijiwe vilivyovurugika, akavilamba kimoja kimoja, akagundua kwamba rangi zote za uso zimo mlemle, za waridi, za maziwa, na nyeusi za macho. Alifurahi kama mtu aliyeokota mkufu uliokatika na shanga zote zipo. Hakununua hata kijiwe kimoja. Alichanganya chokaa na majivu na vigae vilivyosagwa, kama walivyofanya wa kale, akapanga upya. Shida ni kwamba alihitaji uso wa kuufuata, na wakati ule kichwani mwake mlikuwa na mmoja tu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Siku moja alinikuta kwenye tanuri la mkate akasema, "Tamam, nenda kanisani, mwagia maji yule Sipora, kisha unipe jibu." Nilidhani ananitania. Nikaenda na kopo. Nilipomwaga maji rangi zikapanda, nami nikajiona nimesimama kisimani, unyusi wa kushoto juu kidogo kuliko wa kulia, kama nilivyo hadi leo. Wenzangu waliletewa bangili za posa. Mimi niliwekwa kanisani. Nilimpa jibu jioni ileile, na ninavyojijua ningempa hata kwa chini ya hapo.

Hakuna aliyetambua, wala aliyejua kwamba umepangwa upya, maana padri alikuwa ameifunika sakafu kwa mikeka tangu ilipochimbuliwa. Uso ni wa ukubwa wa sahani, na macho ya makanisani ni makubwa yote. Mama yangu tu alisimama pale siku ya sikukuu, akainamisha kichwa upande huu na upande huu, akasema, "Huyu kama namdai kitu." Kisha akaenda kula mansaf, wali wetu wa sikukuu wa nyama na mtindi.

Mambo yangeishia hapo, lakini mwaka uliofuata mke wa mwashi mmoja, mtu aliyekaa miaka saba bila mtoto, alimbusu Sipora akashika mimba. Sijui zaidi ya hapo. Najua tu kwamba wanawake walianza kuja, kwanza wa kijijini, halafu wa Madaba, halafu wa Karak na Salt. Wanavua viatu, wanapiga magoti, wanabusu paji la uso na kunong'ona. Na baada ya kuzuru Nebo, mlima alikofia Musa, mabasi mengine huteremka hadi kwetu, na humo wamo wanawake wa Kiyahudi, vitambaa kichwani, zaburi ndogo mkononi. Wao hawabusu. Husimama kando wakisoma, midomo ikicheza, kisha huacha karatasi iliyokunjwa kwenye ufa wa ukuta. Musa ni wao kabla hajawa wetu, na mkewe vilevile.

Sakafu ilijengewa banda la mabati, banda likatiwa mlango, na ufunguo akapewa nani? Mke wa fundi. Kwa hiyo wanawake hubisha kwangu. Mimi huwafungulia, huchota maji na kumwagia sakafu ili rangi zipande, kisha husimama nyuma na ndoo yangu. Wao huinama na kuubusu uso wangu wakiomba mtoto.

"Mama Nasri, ni kweli huyu hutoa?" huniuliza.

"Wanasema," huwajibu.

"Na wewe Nasri wako alikupa yeye?"

Hapo huenda kuongeza maji.

Nitasema wazi, maana umri wangu hauna haja ya mafumbo. Nilimtaka mtoto mpaka nikaugua. Nilikwenda kwa madaktari wa Amman, nilikwenda kwa bibi mmoja wa Kibedui aliyenifunga tumbo kwa sufi, niliweka nadhiri kwa Eliya na kwa Bikira. Kwa Sipora sikuweza. Usiku na mchana ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, na ndiye aliyesifiwa nchi nzima, lakini nani hupiga magoti akajiomba mwenyewe? Nilijaribu mara moja, mwaka wa themanini na sita. Nikainama, tukatazamana mimi na mimi, nikacheka, kisha nikatoka nje nikatapika. Sikurudia.

Ghattas naye hakujua kwamba alikosea mpaka mwaka wa tisini na mbili. Madaba ikapata shule ya mafundi wa sakafu, naye, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akaketi darasani. Mwalimu akaonyesha picha za makanisa mengi ya huku, kila moja na nyuso zilizovurugwa. Akasema huko si kubomoka, wala si maadui walioingia. Ni Wakristo wenyewe wa makanisa hayo, karne kumi na tatu nyuma, walioamua kwamba picha za watu zisiwepo. Wakang'oa nyuso, wakarudisha vijiwe vilevile mahali palepale, ila bila mpango, kwa chokaa safi na kwa mkono wa upole, kisha wakaendelea kusali hapo hapo.

Siku ile alirudi, akaketi kizingitini na viatu vyake. "Tamam," akasema, "sikuponya mgonjwa. Nimefuta uamuzi wa watu." Nilimwambia avue viatu ale. Tangu mwaka huo ndipo alipoanza kuweka mstari, kila mahali, hata kwenye kazi ndogo ya kijiwe kimoja. Lakini kule Ain Tine hakurudi kuuweka. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwa wengi.

Sasa nije kwa Hiyam. Ni binti wa Farha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde. Hiyam alisoma mambo ya kale huko chuo kikuu cha kaskazini, na kila likizo alikuwa magotini kando ya Ghattas akichanganya chokaa. Humwita Ami, nami huniita Shangazi, ingawa undugu wetu ni wa kuhesabu vidole vya mikono miwili. Mwaka juzi alikuja na kompyuta yake, akaiweka mezani petu kati ya zeituni na mtindi.

"Ami, nimehesabu," alisema, macho yanawaka. "Kanisa lina watu kumi na mmoja. Kumi wamevurugwa nyuso. Mmoja mzima. Kwa nini?"

"Kahawa yako inapoa," Ghattas akasema.

"Nimezunguka kila sakafu ya nchi hii, Ami. Hakuna kitu kama hiki popote. Waliwavuruga wote, walipofika kwa Sipora mkono ukawatetemeka. Walimwogopa! Nimeandika kurasa thelathini. Jumatatu ya wiki ijayo nazisoma Amman mbele ya mabingwa wote, na zitachapishwa kitabuni. Mtoto wa Ain Tine, Ami! Wataijua Ain Tine!"

Ghattas alitazama kikombe chake. Mimi niliondoka kuongeza mkate ambao haukuwa umepungua.

Alipoondoka, mume wangu akasema, "Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Yote."

"Mzee, umenyamaza miaka arobaini. Nyamaza kumi mingine, ufe, nikufuate, Mungu amalizane nasi hukohuko."

"Tamam, yule mtoto anakwenda kuweka jina lake juu ya uongo wangu. Leo au kesho atatokea mtu mwenye hadubini nzuri, ataitazama ile chokaa, na hatanicheka mimi, nitakuwa kaburini. Atamcheka yeye. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ataimalizia mwingine."

"Basi mwambie, si una mdomo?"

"Uso ni wako," akasema. "Nikisema mkono ni wangu, wataniuliza uso ni wa nani. Siwezi bila ruhusa yako."

"Na nikikataa?"

"Nitanyamaza. Lakini sitashika mwiko tena."

Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. "Unanitisha na mwiko? Kaa nao huo mwiko, ulale nao!" Nikampikia dengu siku tatu mfululizo, bila kitunguu. Alikula, akasema, "Mungu aibariki mikono yako," kila siku. Hakuna kinachokera kama mtu unayemkomoa akakushukuru.

Sikuogopa jina lake kuharibika. Niliogopa wanawake. Miaka arobaini walikuwa wamemwomba tasa awape watoto, na tasa mwenyewe amesimama nyuma yao na ndoo. Wakijua, wangenitazamaje dukani? Na, niseme na hili, niliupenda ule uso. Mimi nilizeeka, yeye hakuzeeka. Asubuhi nikimwaga maji alinitazama kama aliyekuwa na habari njema ya kuniambia.

Siku ya nne Hiyam akaja kuomba ufunguo, anataka picha za mwisho. Tukaenda wote. Nikamwaga maji, akapiga picha zake, kisha akaweka kamera chini na kuchuchumaa pale mbele ya uso.

"Shangazi, ukimtazama sana, anafanana na mtu."

Nikainua ndoo. "Na nani?"

"Sijui. Na mtu aliyefurahi." Akagusa lile paji kwa ncha ya kidole. "Unajua Mama huniitaje nikimkera? Mtoto wa Sipora. Anasema alimbusu siku ya Ijumaa Kuu na mimba yangu ikaingia kabla ya mavuno ya zeituni. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kweli kabisa, kwamba nina mama wawili. Nilikuwa nakuja kumwamkia huyu kabla ya shule. Nadhani ndiyo sababu nikasomea haya."

Nilimkumbuka Farha siku hiyo ya Ijumaa Kuu. Mimi ndiye niliyemfungulia. Mimi ndiye niliyemmwagia maji, na alilia juu ya uso wangu mpaka sikujua yapi ni machozi yake na yapi ni maji ya ndoo yangu. Na sasa huyu hapa, matokeo yake, msichana wa miaka ishirini na minane mwenye kamera, anakwenda Amman kudhalilika kwa sababu yangu. Kama kulikuwa na mtoto duniani ambaye nilikuwa na sehemu naye, ya ujinga na isiyo na hesabu yoyote, basi alikuwa huyu. Nami nilikuwa nikimpikia mume wangu dengu ili amwache aangamie.

Nilirudi nyumbani ndoo ikiwa mkononi bado. "Mwambie," nikamwambia Ghattas. "Mwambie leo, kabla hajazipeleka zile kurasa zake. Na umwambie nikiwepo, nisije nikajuta."

Hiyam alipokuja jioni na kompyuta yake, alimwambia pale pale mezani. Alisema kwa maneno machache, bila kujitetea, na alipofika kwenye uso ni wa nani, akanyoosha tu mkono kunielekea. Hiyam alinitazama. Nikamwinulia ule unyusi wa kushoto. Akafunga kompyuta.

"Ami," akasema, "wewe ndiye uliyenifundisha mstari."

"Ndiyo."

"Mimi niliwagombeza wenzangu chuoni kwa ajili ya mstari wako."

"Najua, binti yangu."

Akaondoka bila kuaga. Ghattas hakula dengu wala kitu kingine. Kesho yake alasiri Hiyam akarudi, macho yamevimba, akaketi pale pale alipokaa. "Jumatatu nitasoma," akasema. "Nitasoma kwamba nyuso kumi na moja zilivurugwa, na wa kumi na moja ulipangwa upya mwaka wa sabini na tisa na fundi Ghattas wa Ain Tine, kwa vijiwe vyake vyenyewe, na kwamba fundi ndiye aliyenieleza. Jina lako litakuwemo, Ami. Lote."

"Liwemo," akasema Ghattas.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna Jumapili. Ghattas alisema hataki kijiji kisikie kutoka Amman. Baada ya misa akasimama mbele, kofia mkononi, akaeleza. Kisha ikapasuka sauti ya Farha.

"Baba Nasri! Unataka kuniambia nilikuwa nambusu Tamam? Huyu Tamam? Anayeninyima unga?"

"Nilikunyima mara moja," nikasema, "na ulikuwa hujarudisha wa kwanza."

Kanisa likacheka. Watu walicheka mpaka padri kijana akaegemea nguzo. Farha akaendelea, "Na Hiyam wangu je, nimrudishe? Nimpeleke wapi, kwako?" Wakacheka tena, kisha kicheko kikapungua, kikaisha, na nikaona wanawake wanaanza kunitazama, mmoja baada ya mwingine, wakihesabu. Yule wa mwashi, nywele zote nyeupe. Dada wawili wa nyumba ya juu. Farha mwenyewe.

"Ulikuwa ukitufungulia mlango," akasema Farha, safari hii polepole.

"Nilikuwa nawafungulia."

"Na ukitumwagia maji."

"Ndiyo."

"Mbona hukutuambia, mwenzetu? Tungekuombea. Si unajua, mficha uchi ha..." Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Methali yenyewe kila mtu anaijua mwisho wake. Hakuna aliyeimalizia. Farha alivuka viti kwa mwili wake ule mkubwa, akaja akakaa kando yangu, na hakusema kitu tena, jambo ambalo kwa Farha ni kubwa kuliko kuomba radhi. Watu wakatoka wakatuacha tumekaa.

Hiyam alipokwisha kusoma kule Amman, Idara ya mambo ya kale ikaamua uso utolewe na mahali pake pazibwe kwa chokaa tupu, kwa kuwa hakuna picha ya ile vurugu ya mwanzo. Ghattas alivikumbuka vijiwe, mpangilio hakuukumbuka. Nani hukariri vurugu? Aliomba afanye kazi hiyo mwenyewe, wakamkubalia. Nilikuwa namwagia maji, yeye yuko magotini na patasi ndogo.

"Nianze?" akauliza.

"Mwaka ule uliniweka humu bila kuniuliza, leo ndiyo unaomba ruhusa? Anza, mzee."

Alianzia kidevuni. Alikwenda polepole sana, kijiwe, kijiwe, kila kimoja akikipangusa na kukitia kwenye mfuko wenye namba. Macho aliyaacha mwisho. Alipofika kwenye unyusi nikamshika bega, naye akaendelea. Nilitamani kumwomba kijiwe kimoja, kile cheusi cha jicho. Nikafungua mdomo, naye akatikisa kichwa kabla sijasema. "Ni vya kanisa, Tamam." Jioni palikuwa na duara la chokaa, jeupe na la kawaida, na kulizunguka, safu ya vijiwe vyeusi.

Nilidhani wanawake hawatakuja tena. Wiki mbili hawakuja kweli. Wiki ya tatu akabisha mmoja, mgeni kutoka Karak, mwembamba, pete ya ndoa inamlegea kidoleni. Nilimpeleka hadi bandani nikamweleza mlangoni, nisije nikamtesa bure.

"Dada, umechelewa. Uso haupo. Haukuwa wa kale hata hivyo, alitutengenezea mume wangu. Pamebaki chokaa."

Akachungulia ndani. "Lakini ni mahali palepale?"

"Palepale."

"Waliposali wale wa zamani?"

"Hapo hapo, na wao walisali bila uso."

"Basi," akasema, akavua viatu. Akapita, akapiga magoti, akabusu chokaa, akanong'ona alichokuja nacho. Alipotoka mdomo wake ulikuwa mweupe kama wa mtoto aliyekunywa maziwa. Akanishukuru kwa maji, akashika njia ya basi.

Ghattas alikuwa nje akiosha vyombo vyake. Alikuwa ameona yote. Alisimama na mwiko unaotiririka maji, akasema, "Walijua walichokuwa wanafanya, wale wa kale," kisha akarudi kwenye ndoo.

Mimi niliingia ndani, nikaurudisha mlango na kuufunga kwa ndani. Nikavua viatu. Nilipiga magoti mahali pale, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hapakuwa na mtu wa kunitazama kutoka chini. Sikuomba mtoto, mtu wa miaka sitini haombi mtoto. Nilisema tu kwamba nilimtaka. Nilisema nilimtaka miaka ipi na ipi, nilivyokuwa nahesabu siku, nilivyomchukia kila mwanamke niliyemfungulia mlango huku namwagia maji na kumtakia heri. Nilisema kwa sauti, mambo ambayo hata Ghattas sijawahi kumwambia, na nililia, sitaficha, nililia na pua na kila kitu.

Baadaye akagonga bati. "Tamam? Umejifungia humo?"

"Niache kidogo," nikamwambia.

Nikamsikia akivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mlangoni.